Naomba ushauri: System 573 inakata muziki, nataka kutoa draivu ya CD niweke emuleta

Mkaazi_wa_Seeb

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina chumba kidogo cha michezo hapa Seeb, Muscat. Kipenzi cha watoto wote ni mashine ya kudansi, Dance Dance Revolution ile ya kwanza ya mwaka 1998, yenye majukwaa ya mishale na kioo kizito cha inchi 29. Ndani ina ubao wa Konami System 573. Imetoka Japani, inataka volti 100, kwa hivyo inapita kwenye transfoma ya kushusha umeme.

Inawaka vizuri, menyu inakuja, mtoto anachagua wimbo, mishale inaanza kupanda. Halafu muziki unakatika katikati, au hauanzi kabisa, na mchezo unaganda. Nimesafisha lenzi ya draivu, ikapata nafuu kidogo, ikarudi kulekule. Diski yenyewe haina mikwaruzo.

Nasikia watu siku hizi wanatoa draivu na kuweka emuleta, yaani kifaa kinachojifanya draivu ya CD, inayosoma kadi ya SD. Inafaa kwa 573? Ninayo adapta ya kadi ya CF (CompactFlash, kadi ya kumbukumbu) kwenda IDE, ule mkanda wa zamani wa kuunganishia draivu, haiwezi kufanya kazi hiyohiyo? Na naweza kuupoteza mchezo wenyewe nikikosea? Sitaki kuiua hii mashine. Watoto wanaipenda mno, na mimi pia.

RisasiMoto

Waaleikum salaam kaka. Ulivyoeleza, ugonjwa unajitaja wenyewe. Programu ya mchezo ilishasakinishwa kwenye flashi, yaani chipu za kumbukumbu, iliyomo kwenye ubao, jumla megabaiti 16. Mashine inaanzia hapo. CD inaitwa kwa ajili ya nyimbo tu, na katika toleo hilo la mwanzo nyimbo zimerekodiwa kama CD ya kawaida ya muziki. Ndiyo maana menyu ni nzima na wimbo ndio unaokufa. Draivu imezeeka, lenzi yake imechoka, kusafisha kunakununulia muda tu.

Adapta ya CF iweke pembeni. Soketi inaingia, pini ni 40 zilezile, lakini inajitambulisha kwa mashine kama hadidiski. 573 inatafuta draivu ya CD, yaani kifaa kinachoelewa amri za ATAPI. Haitaiona kabisa, hata kadi uijaze vipi. Emuleta unayoitaka ni ile inayojifanya draivu ya CD ya ATAPI.

Fundi_wa_Kariakoo

Mimi natofautiana kidogo. Kwa nini asinunue draivu ya IDE ya kompyuta ya zamani? Ni rahisi zaidi, haina mambo ya mafaili, na mashine inabaki kama ilivyotengenezwa. Huku kwetu bado zinapatikana kwenye maduka ya mitumba ya kompyuta.

RisasiMoto

Mkuu, hilo ningelisema mimi kwanza kama ingekuwa kompyuta. Tatizo 573 inachagua sana draivu. Nyingi inazikataa, nyingine inazikubali halafu zinachelewa kuruka kutoka wimbo hadi wimbo. Na ukipata inayokubalika, nayo ina lenzi yenye umri wa miaka ishirini na zaidi. Unanunua ugonjwa uleule.

BiSauda_Birmingham

Mkaazi, nisikilize kwenye jambo la sauti, maana ndipo wengi wanapokwama.

Tazama nyuma ya draivu yako. Mbali na mkanda mpana wa data na plagi ya umeme, kuna waya mwembamba wa pini 4 unaokwenda kwenye ubao. Huo ndio unaobeba muziki. Data haipiti humo, inapita sauti ya analogi moja kwa moja kutoka kwenye draivu. Ukiweka emuleta isiyo na tundu la sauti, kila kitu kitakubali, mishale itapanda, na chumba kitakuwa kimya. Matoleo ya baadaye yalipata ubao wa ziada wa kusoma MP3, hayana shida hiyo. La kwako ni la zamani, linauhitaji huo waya. ZuluIDE, kwa mfano, inasoma kadi ya SD, inajitambulisha kama draivu ya CD na ina tundu la sauti. Kabla ya kulipa muulize muuzaji swali moja tu: imeshajaribiwa kwenye System 573 yenye muziki wa CD?

Jambo la pili ni faili. Nakili diski yako mwenyewe kwenye kompyuta kwa mtindo wa bin na cue, mafaili mawili yanayobeba diski nzima pamoja na nyimbo. Usifanye ISO. ISO inachukua sehemu ya data peke yake na kuziacha nyimbo zote nyuma. Nimeona watu wanalaumu emuleta nzima kwa kosa hilo.

Mkaazi_wa_Seeb

Allah akulipe kheri bibie, huo waya nimeuona, sikujua kazi yake. Sasa kuhusu kuupoteza mchezo?

BiSauda_Birmingham

Katriji ya ulinzi, yaani kile kipande kinachochomekwa kwenye mashine kuthibitisha mchezo ni halali, usiichomoe, haihusiki na kazi hii. Swichi ndogo namba 4 kwenye ubao iache palepale ilipo. Ikiwa ON mashine inaanzia kwenye flashi, ikiwa OFF inakwenda kuanzia kwenye CD. Na kwenye kadi ya SD weka nakala ya toleo lako tu. Katriji na diski lazima viendane.

RisasiMoto

Naongezea ya kufungua. Chomoa waya wa umeme ukutani, usitegemee swichi, na mikono ikae mbali na nyuma ya kile kioo. Kinabeba maelfu ya volti na kinaweza kukurusha hata baada ya kuzimwa. Emuleta iweke iwe master, yaani draivu ya kwanza kwenye mkanda. Mstari mwekundu wa mkanda uelekee pini namba 1. Kwenye plagi ya umeme nyekundu ni volti 5, njano ni 12, nyeusi mbili ni za ardhi (ground). Emuleta hula ile ya 5 peke yake.

Kabla hujaagiza chochote, pima hiyo 5 kwa mita mashine ikiwa inacheza, upimie kwenye ubao na si kwenye pawasapulai.

Mkaazi_wa_Seeb

Nimepima. Pale pawasapulai 5.02, kwenye ubao 4.76.

Fundi_wa_Kariakoo

Hapo sasa nakubaliana nao, ila anza na hiyo kwanza. Robo volti inapotelea njiani, kwenye plagi ya JAMMA (ile kubwa inayounganisha ubao na nyaya za kabati) au nyaya zilizoshika kutu. Safisha migusano kwa spiriti, kaza viunganishi, upime tena. Ikibaki chini, kuna skrubu ndogo ya kurekebisha kwenye pawasapulai, izungushe taratibu hadi ubao usome 5.0, usipitishe. Emuleta mpya kwenye umeme dhaifu itajizima na kujiwasha, na utaanza kutafuta kosa lisilokuwepo.

RisasiMoto

Sahihi kabisa. Na ukiwasha, soma orodha ya ukaguzi inayopita mwanzoni. Ukiona 22G imeandikwa BAD (mbovu), hiyo ni chipu ya saa, betri yake imo ndani kwa ndani na imekwisha. Agiza chipu mpya ya aina hiyo, M48T58, pamoja na emuleta, ufungue mashine mara moja tu.