Fungate Maldives: hoteli ya kila kitu ndani au twende kivyetu? Naomba ushauri, muda umebana

Msafiri Mpole (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Naoa mwezi ujao, inshallah, na fungate tumepanga iwe Maldives, usiku 5. Kuna mambo mawili yananivuta huku na huku.

Moja ni hoteli iliyochukua kisiwa kizima, zile za kila kitu ndani: kula, kunywa, miwani ya kuzamia, na ndege ya majini kwenda na kurudi. Dola 2,900 kwa watu wawili. Nyingine ni kwenda kivyetu, tulale nyumba ya wageni kwenye kisiwa wanachoishi wenyeji, Maafushi kwa mfano, tule mtaani, boti tutafute wenyewe. Nimepiga hesabu mara nne, haifiki dola 900. Tiketi za ndege Dar, Dubai, Malé tayari ninazo.

Mimi naegemea hiyo ya pili. Mwenzangu anasema "popote sawa". Leo siku ya tatu silali vizuri. Waliofika naomba uzoefu wenu, matusi hapana.

MamaWawili
"Popote sawa" ya mwanamke ni mtihani huo, na umeshaanza kufeli. Fungate yangu mimi, 2014, niliambiwa tunakwenda Lushoto kupumzika kwenye baridi. Tukafikia kwa mama mkwe. Siku ya pili nimejifunga kanga kiunoni nasonga ugali wa watu kumi na wanne. Mpeleke hotelini, kaka.

Ngosha wa Magu
Dola 2,900 ni milioni saba na chenji. Hao ng'ombe saba. Unataka kulalia ng'ombe saba kwa usiku tano?

Mzururaji
Waache wachangamshe kijiwe, mimi nijibu swali. Nilikwenda na mke wangu 2023, usiku 4 Maafushi. Chumba dola 70 pamoja na kifungua kinywa, boti ya kasi kutoka uwanja wa ndege dola 25 kwa kichwa, nusu saa na ushee umefika. Ipo na feri ya umma, nauli ndogo, ila inatambaa saa moja na nusu na Ijumaa haitembei. Visiwa vya wenyeji pombe hakuna kabisa, na wanaotaka kuogelea kizungu wametengewa ufukwe wao. Hata hii ruhusa ya mgeni kulala kwa wenyeji ni ya enzi za Rais Nasheed. Kabla yake, kwa miaka mingi, mtalii alikuwa anaishia kwenye kisiwa cha hoteli.

Asubuhi wanakupa mas huni, yaani jodari aliyechambuliwa, nazi iliyokunwa, kitunguu na pilipili, pamoja na chapati wanayoiita roshi. Tamu. Lakini siku ya tatu mke wangu aliniuliza, "Hivi tumepanda ndege mbili kuja kula jodari na nazi?" Sikuwa na jibu.

Na chunga kodi. Kuna kodi ya kijani ya kila kichwa kila usiku: hotelini dola 12, nyumba ndogo za wageni dola 6. Juu yake kodi ya huduma za utalii, ambayo sasa ni asilimia 17, na tozo ya wahudumu asilimia 10. Uliza kama hiyo 2,900 imeshazibeba.

Kijana wa Kisauni
Kwani Diani imehamishwa? Bahari ni moja bana. Keti hapa Mombasa, maji ya Maldives yatakufikia yenyewe.

Bin Makame
Mie n'nafanya kazi hoteli ya namna hiyo Kiwengwa, mwaka wa tisa huu. Nikwambie siri ya bangili. Mgeni akifika anavishwa bangili ya plastiki, basi mkono haurudi tena mfukoni mpaka anaondoka. Sasa ile bei imepigwa kwa mtu anayeanza kunywa saa nne asubuhi. Wewe na mkeo mnakunywa? Kama nyie watu wa maji na juisi ya ukwaju, mnamlipia Mtaliano bia zake. Halafu ikifika siku ya tatu wananifuata, "Makame, huko nje kuna nini?" Wameshachoka. Chakula kingi, lakini cha jana ndio cha leo, kimebadilishwa sinia.

Ila sikufichi, maharusi wanaipenda. Hawagombani nani kasahau pesa ya boti.

Msafiri Mpole
Hatunywi. Asante sana Bin Makame. Wakuu mnaona? Hilo ndilo nasema mimi.

Kungwi Mstaafu
Wanangu, neno lenyewe mnalijua? Fungate ni siku saba. Maharusi wanakaa ndani, na chakula kinatoka upande wa mke, kinaletwa kwenye sinia limefunikwa kawa. Asubuhi vitumbua na mahamri, mchana pilau, usiku wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mume hanunui hata chumvi. Hiyo ndiyo kila kitu ndani, tena bila bangili. Nimehudumia maharusi zaidi ya arobaini, Tanga na Pangani, sijamsikia bwana harusi hata mmoja akilalamika.

MamaWawili
Bibi, mimi ndiye niliyepika siku zote saba.

Jahazi la Lamu
Mleta mada, mimi niko Maldives mwaka wa nne, upande wa boti za hoteli moja huku Ari Kusini. Huku nako ni kusi na kaskazi kama kwetu, ila kusi ndiyo yenye mvua, kuanzia Mei. Ukiwa kwenye kisiwa cha wenyeji na bahari ikichafuka, boti yaahirishwa na usiku wa ziada walipa wewe. Ukiwa hotelini, waulize wao. Papa potwe hapa waonekana mwaka mzima, si kama Mafia kungojea Oktoba. Sasa niambie, mnatua saa ngapi? Hilo ndilo huamua mambo mengi.

Msafiri Mpole
Kaka Jahazi, asante. Tunatua Malé saa 3:40 usiku, na ndege ya majini inatuchukua pale pale. Kwa hiyo usiku wa kwanza tunaupata hotelini, vile vyumba vya juu ya maji vya nguzo. Hilo nalo linanipa shida, maana kwa Maafushi tungelala wapi saa hizo?

Jahazi la Lamu
Haiwezekani. Ndege za majini rubani huruka kwa kuona, jua likizama zote zimefungwa gatini. Ukitua baada ya saa kumi alasiri hivi, walala Hulhumalé au Malé mpaka asubuhi. Ama umetapeliwa, ama hoteli hiyo hunayo.

Mpiga Ramli
CHAI HIYO! Nani ana maandazi?

Ngosha wa Magu
Mie harufu ya tangawizi nimeisikia tangu mstari wa kwanza.

Mpiga Ramli
Tena nimefukua. Mwezi wa pili, mtu huyu huyu, kule kwenye mambo ya ujenzi: nyumba imefika lenta Chanika, amekwama kwenye bati, anauliza kama inafaa kuezeka upande mmoja kwanza. Leo anachagua dola 2,900 au dola 900. Ameokota wapi?

MamaWawili
Kuezeka upande mmoja jamani! Mvua iambiwe inyeshe huku tu!

Kijana wa Kisauni
Mwacheni kijana wa watu. Mimi nimewahi kupika hadithi ya shamba la mbuzi Kilifi, mkanichangia mawazo kurasa tano.

Msafiri Mpole
Si chai. Nimerudi kusoma karatasi za hoteli, kurasa sita, na kweli ukurasa wa nne wameandika usiku wa kwanza tunalala Hulhumalé, asubuhi ndiyo tunarushwa. Sikuwa nimefika ukurasa wa nne. Sikusoma kwa sababu sikulipa mimi.

Amelipa shemeji, kaka yake mwenzangu. Yuko Muscat mwaka wa kumi na moja. Ni zawadi ya harusi. Siku tuliyopeleka mahari alipiga simu ya video, akawekwa mbele ya wazee, akatangaza na kuonyesha picha za vile vyumba. Vigelegele mpaka nyumba ya jirani. Mahari yangu ilikuwa bado iko juu ya mkeka, na hakuna aliyeitazama tena.

Tiketi nimelipa mimi, mkopo wa SACCOS, hilo mniandikie. Sasa nikale na kulala siku tano kwa hela yake, nikirudi nitakaa naye vipi baraza moja?

Bin Makame
Kumbe. Mie nikadhani unauliza habari za hoteli.

Kungwi Mstaafu
Sinia la upande wa mke hilo, mwanangu. Funua kawa ule.

Ngosha wa Magu
Mimi niko upande wa mleta mada. Bibi, sinia la zamani lilikuwa linakuja limefunikwa. Hili limeonyeshwa ukoo mzima kwenye simu. Zawadi ya namna hiyo ina riba, utaisikia kila Idi mpaka mnazeeka.

Mzururaji
Swali dogo. Hizo dola 900 za kwenda kivyenu, unazo?

Msafiri Mpole
Zingetoka humo humo.

Mzururaji
Humo humo wapi?

Msafiri Mpole
Basi niseme yote. Jana usiku niliiandikia hoteli kuomba kufuta. Shemeji alijaza jina langu na barua pepe yangu, kwa hiyo wamenijibu mimi. Wamekubali, muda wa kufuta bila makato ulikuwa haujapita. Nikakaa nikapanga: dola 900 twende Maafushi, 2,000 niezeke. Mtoto wa watu akitoka fungate anaingia kwenye nyumba yenye bati. Juu ya maji mtu anakaa siku tano, chini ya bati tutakaa miaka. Niambieni kosa langu liko wapi.

MamaWawili
Yeye anajua?

Msafiri Mpole
Nilitaka nimshtukize.

MamaWawili
Utashtukizwa wewe.

Mzururaji
Kaka, shemeji alilipa kwa njia gani?

Msafiri Mpole
Kadi yake ya benki ya huko huko.

Mzururaji
Basi hela inarudi kwenye kadi iliyolipa. Kwako haifiki hata senti.

Msafiri Mpole
Hata kama jina la mgeni ni langu?

Mzururaji
Hata kama wamekuandika kwenye mlango wa chumba.

Jahazi la Lamu
Na benki humtumia ujumbe. Jingine: hapa viza ni bure ukifika, siku 30, lakini uhamiaji wataka tiketi ya kurudi na uthibitisho wa mahali pa kulala. Ile fomu ya IMUGA, ambayo waijaza mtandaoni ndani ya saa 96 kabla ya kufika, nayo yauliza walala wapi. Hoteli umefuta, hela ya Maafushi huna, utaandika nini? Waandikie sasa hivi warudishe nafasi. Huku saa saba usiku lakini mapokezi hawalali.

Mpiga Ramli
Mimi bado nasema chai. Ila imeungwa vizuri, iliki imo.

Ngosha wa Magu
Kama ni chai amejipikia mwenyewe, na ndiye anayeungua.

Msafiri Mpole
Nimewaandikia. Wamejibu baada ya dakika kumi. Chumba kwa tarehe zile bado kipo, lakini ile bei ilikuwa ya ofa ya wakati ule. Leo ni dola 3,240.

Ngosha wa Magu
Ng'ombe wa nane ameingia zizini.

Bin Makame
Usimjibu huyo wa mapokezi, hana mamlaka. Asubuhi mtafute meneja wa nafasi, mwambie ni maharusi na mmekosea kubonyeza. Sie huku tunawarudishia wengi bei ya kwanza kama haijapita siku mbili. Keki pia tunawapa.

Msafiri Mpole
Wakuu, simu inaita. Inaanza na 968.

Kijana wa Kisauni
Oman hiyo. Pokea bana.

MamaWawili
Usipokee! Mwambie mkeo kwanza, asiisikie kwa kaka yake!

Kungwi Mstaafu
Pokea. Anza na salamu, umuulize watoto, umuulize joto la huko. Akifika kwenye jambo lenyewe nyamaza.

Mpiga Ramli (siku ya pili)
Mleta mada alionekana mara ya mwisho jana saa 5:20 usiku. Nani ana habari?

MamaWawili
Nimemwandikia faraghani, kimya. Nimelala vibaya kama mimi ndiye ninayeolewa.

Bin Makame
Wakati tunamsubiri: bati geji 28, migongo mipana, mita tatu, Dar saa hizi linakwendaje? Na mie niko lenta.

Ngosha wa Magu
La rangi au jeupe?