Misuli ya nyuma ya paja yakaza, nitapimaje?

msukuma_kongowea: Jamani nasukuma mkokoteni hapa Kongowea, jioni miguu yawa mizito kama mawe na kesho yake nikiinama mikono haifiki hata kwenye vifundo, ni ile asidi ya laktiki, inayotengenezwa na misuli ikifanya kazi ngumu, imejaa ama?

mama_fizio: Pole mwanangu. Si asidi, hiyo huondoka kama saa moja hivi ukipumzika, maumivu ya kesho yake ni nyuzi za misuli zimechubuka, huzidi kati ya saa 24 na 72. Kupima, kaa chini nyayo ziguse ukuta, magoti yanyooke, jivute mbele polepole, mtu apime vidole mpaka ukutani kwa rula. Saa ile ile kila wiki, misuli ikipata joto hunyumbuka zaidi.

kocha_likoni: Hiyo yapima na unyumbufu wa mgongo pia lakini, ukitaka kiungo chenyewe fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) ana goniomita, kifaa cha kupima pembe ya kiungo, yasoma digrii.