Nililipa 150,000 nifundishwe KUBUNI kadigani, nikaishia kunakili pateni (maelekezo ya kufuma) ya mtu. Nataka hela yangu

Wakuu, heshima mbele. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana hivi ninavyoandika kuna watu wanalipia kozi hii hii.

Mimi nipo Njombe. Huku sweta si urembo. Mwezi wa sita na wa saba ukitoka alfajiri bila kitu kizito mwilini, vidole vinakufa ganzi kabla hujafika barabarani. Nimefuma kwa sindano mbili tangu nikiwa binti: seti za watoto wachanga, kofia, soksi, shali. Kilichokuwa kinanishinda ni sweta la mtu mzima la kufunguka mbele, yaani kadigani, lenye vifungo na mifuko, linalokaa mwilini kama limekatwa na fundi. Mwezi wa tatu nikaona tangazo: wiki sita, "jifunze kubuni na kufuma kadigani za saizi zote", darasa la WhatsApp lenye video. Jina la mwalimu sitalitaja, sheria za jukwaa nazijua.

Neno lililonitoa hela mfukoni ni hilo KUBUNI. Kufuata maelekezo ya mtu nilikuwa nakuweza tayari. Nilitaka mteja akija na mwili wake, mnene au mwembamba, mabega mapana au kifua kikubwa, nimpime, nikae na daftari, nijue naanza na vitanzi vingapi (yale macho ya uzi yanayokaa kwenye sindano) na nipunguze wapi. Huko ndiko kubuni. Nilimuuliza mwalimu hilo kabla sijalipa na akanijibu, "Ndiyo dada, yote utayapata." Nikatuma 150,000 kwa simu siku hiyo hiyo.

Somo la kwanza lote lilikuwa historia. Kwamba kadigani limepata jina kwa Earl wa Cardigan, yule lodi wa Uingereza aliyeongoza wapanda farasi pale Balaclava, kwenye Vita ya Crimea, mwaka 1854. Kwamba mkono wa raglani nao una jina la Lord Raglan, mkuu wa jeshi katika vita hiyo hiyo, ambaye mkono wake wa kulia ulikatwa kwenye mapigano ya Waterloo mwaka 1815. Sawa, nilipenda kuyajua. Lakini wiki sita zikaisha hatujafundishwa namna ya kuufuma huo mkono wa raglani, ule wenye mstari unaokwenda mshazari kutoka kwapani mpaka shingoni. Tulionyeshwa picha tu.

Wiki ya pili tukapewa pateni ya PDF, saizi MOJA. Imejaa alama za kufuma kama k2tog na ssk. Hakuna hata moja iliyofafanuliwa. Darasani tulikuwa na mama zetu ambao hawajawahi kuona alama hizo, wanauliza, na jibu ni "angalieni video". Kwenye video mikono inakimbia na muziki unapiga, hakuna anayesema neno. Nimekuja kujua baadaye kuwa k2tog ni kufuma vitanzi viwili pamoja na kinachobaki kinaegemea kulia, na ssk inapunguza vile vile ila inaegemea kushoto. Ndiyo maana shingo ya V inatumia moja upande huu na nyingine upande ule, zielekeane. Sentensi mbili tu hizo! Sisi tuliachwa tukatumia moja pande zote, na shingo zikatoka zimepinda upande mmoja.

Sasa nifike panaponiuma.

Kwaya ya akina mama ya hapa kwetu ilinipa oda ya kadigani 14, moja 45,000. Piga hesabu: 630,000. Tukakubaliana nianze na la mama mwenyekiti, likimpendeza niendelee na mengine. Nikampima kifua, sentimita 102. Pateni ilisema sweta likiisha linatoa 110, yaani linabaki na nafasi ya sentimita 8 ya kupumua. Nikaona ni saizi yake kabisa. Nikaanza vitanzi 242 kama ilivyoandikwa, sindano namba 4 kama ilivyoandikwa. Nimefuma wiki tatu, usiku kucha nyingine.

Jumamosi jioni nikaenda kumvalisha. Mkono wa kushoto ulipofika juu ya kiwiko ukagoma. Ni mama aliyelima viazi maisha yake yote, ana mkono wenye nguvu. Tukausukuma ukapita. Tukaja kwenye vifungo, pande mbili hazikutani. Akaniangalia, akasema taratibu, "Mwanangu, ulinipima mimi au ulimpima mtu mwingine?" Nikamwambia, "Mama, nilikupima wewe, namba iko kwenye daftari." Nikatoa tepu palepale, nikalilaza sweta mezani nikalipima. 97. Mwili wa 102, sweta la 97.

Na ukanda wa vifungo umejaa mawimbi, unapanda na kushuka kama ukingo wa jani la kabichi, kwa sababu tuliambiwa tuokote kitanzi kipya kwenye KILA mstari wa ukingoni.

Nikamwandikia mwalimu, nikamtumia na picha. Jibu: "Lipige pasi ya moto litanyooka na litaongezeka." Nikapiga. Wakuu, uzi ule ni akriliki, uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki, si sufi. Chini ya pasi ya moto ribu ya kiunoni, ule ukanda unaovutika na kurudi, ililala, ikawa laini na kung'aa kama nailoni, ukiivuta hairudi tena. Na uzi uliokufa hivyo huwezi kuufumua ukaufumia kitu kingine chenye mvuto. Gramu 600 za uzi zimekwenda.

Nikaenda nalo kwa bibi mmoja jirani, aliyefundishwa kufuma na masista wa misheni akiwa msichana. Hakulitazama sweta hata dakika moja. Akauliza, "Mjukuu wangu, kipande chako cha kupimia kiko wapi?" Sikuwa nacho, sikuwahi kusikia kitu hicho. Akanikalisha. Unafuma kipande cha sentimita 15 kwa 15 kwa uzi ule ule na sindano zile zile, unakiosha, kinakauka, halafu unahesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10. Tukafuma. Pateni ilikuwa ya mtu anayetoa vitanzi 22. Mimi mkono wangu unabana, natoa 25. Chukua 242, gawanya kwa 25, zidisha kwa 10, unapata 97 kasoro kidogo. Sweta lilikuwa limeshakosewa kabla sijafuma mstari wa kwanza! Ili nifike 110, nilitakiwa kuanza na 275.

Akaendelea. Ukanda wa vifungo, okota vitanzi vitatu kwa kila mistari minne, kwa sababu kimo cha mstari ni kifupi kuliko upana wa kitanzi. Mkono, pima pale penye mnene zaidi, ongeza nafasi, zidisha kwa vitanzi vyako vya sentimita moja, halafu sambaza nyongeza kwenye urefu wa mkono. Yote haya hayakuchukua saa moja, na hakunidai hata shilingi.

Nilirudi kwenye kundi nikauliza kwa adabu kabisa: "Madamu, mbona hatukufundishwa kipande cha kupimia?" Akajibu kwamba hayo ni ya "kozi ya juu", 200,000 nyingine. Nikasema tangazo liliandika kubuni na saizi zote. Baada ya dakika chache nikawa nimetolewa kundini.

Msiniambie eti ningemaliza kwanza ndipo nilaumu. Nilimaliza, kazi zote nilikabidhi. Na msiniambie 150,000 ni ndogo. Kwangu ni uzi wa miezi.

Mama mwenyekiti nimemrudishia kianzio chake chote. Jumatatu alinipigia, kwa upole kama kawaida yake, akaniambia kwaya wameamua kwenda mnadani Makambako kutafuta za mtumba zinazofanana rangi.

Ninachotaka ni 150,000 yangu irudi, na neno kubuni litoke kwenye lile tangazo. Ujumbe wa malipo ninao, mazungumzo yote ninayo, sweta ninalo hapa. Kama nawe ulikuwa kwenye kundi la mwezi wa tatu na umetolewa, nitafute inbox tuunganishe ushahidi. Na kama uko kwenye kundi la sasa na hujaanza kufuma, fuma kwanza kile kipande, ukioshe, uhesabu.