Heka 6 za mzee huku Mufindi: nipande paina zote au niache pori lirudi lenyewe?

Kijana wa Bondeni:
Kamwene wakuu. Mzee katuachia heka 6, mahindi yamegoma, ardhi imechoka na mbolea bei yake mnaijua. Bro na shemeji wanataka tupige paina zote. Mimi shida yangu, najua mtanicheka, ni ndege. Paina za jirani ukiingia unasikia upepo tu, chini sindano zimetanda hata nyasi haitoki. Kumbe kile kipande cha juu tulichoacha kulima mwaka wa 6 huu asubuhi ni kelele tupu, kanga, kwale, chozi hadi basi. Sasa ninunue miche ya asili au niache tu?

Mzee wa Mbao:
Ndege hawalipi ada dogo. Mita 3 kwa 3, miche 450 kwa heka, unasahau unakuja kuvuna.

Jirani Mkorofi:
Eti unasahau 😂 njia za kuzuia moto analima nani? Mwezi wa 10 utakumbuka vizuri tu

Mama Mizinga:
Mwanangu usinunue mche hata mmoja kabla hujakagua visiki. Kama palikuwa pori la miombo, mizizi bado iko hai chini hata kama mmelima miaka mingi, chagua machipukizi mawili matatu kwa kila kisiki, mengine pogoa, zuia ng'ombe na moto basi. Mimi nilikuwa na mkuyu mmoja tu katikati ya shamba, mume wangu alitaka kuukata nikagoma. Shore wale wenye matako ya njano wanakula huko bondeni wanakuja kutua hapo, wanajisaidia, leo chini yake kuna miti ya mivengi ambayo hakuna aliyeipanda. Ila kama palishalimwa na trekta hadi visiki vikang'olewa, hapo panda michache kwa mafungu mafungu, ndege watamalizia.

Mpita Njia:
Naongezea, miti mikavu usiikate yote. Hondohondo anataga kwenye tundu la mti mkubwa, huo mche wako utapata tundu wajukuu zako wakiwa wazee.

Kitulo Boy:
Mnamwambia miti miti tu, muulizeni kwanza palikuwa pori kweli? Huku juu kwetu ni nyasi tangu enzi. Mbayuwayu bluu anakuja kuanzia mwezi wa 9, anajenga kwenye mashimo ya muhanga, yule mnyama mla mchwa, humo humo nyasini, ukipanda miti ya aina yoyote, hata hiyo ya asili, umemfukuza.

Kijana wa Bondeni:
Daah hii ya nyasi sikuiwaza. Mama Mizinga nimetoka shamba saa hizi na jembe, heka 4 za juu visiki vipo kibao vinachipua, kimoja kina machipukizi 11 nimehesabu. Mbili za barabarani trekta lilishapita. Hizo ndo nitamwachia bro paina zake, na mzozo nyumbani bado upo, shemeji kashaweka oda ya miche 2,700.

Jirani Mkorofi:
Miche 2,700 kwenye heka 2? Muombe namba ya mwenye kitalu mapema