Kabwawa ka mawe nyuma ya nyumba Tanga, saruji au nailoni?

Wa_Raskazone:
Habarini wakuu. Niko Raskazone, uani nataka kabwawa chenye maporomoko madogo ya mawe, mita 2 kwa moja na nusu, kina nusu mita, pembeni kuna mwarobaini. Fundi anasema ajenge mawe ya Pongwe kwa saruji apige plasta ndani yaishe, mi naogopa maji yatapotea. Mama mkwe naye anasema naita mbu nyumbani. Nishaurini.

Fundi Mawe:
Usikubali plasta peke yake mkuu. Masika udongo unalowa, kiangazi unakauka, plasta inapata nyufa nyembamba hata huzioni ila maji yanaziona. Chimba, toa mizizi na vichangarawe vyenye ncha, mwaga mchanga, tandika zulia kuukuu, juu yake ile nailoni nyeusi nzito ya mabwawa ya samaki. Kipimo chake ni urefu, jumlisha kina mara mbili, ongeza kama sentimita 60 za kukunja kingoni, na upana fanya hivyo hivyo, kwa hiyo wewe nunua mita 3.6 kwa 3.1. Kingo zipimwe na pima maji kuzunguka kote, upande mmoja ukishuka vidole viwili tu ndio huko huko maji yatakapomwagikia.

Kwenye maporomoko tafuta jiwe bapa, liinamie mbele kidogo na mdomo utokeze. Likiwa duara maji yanalamba tumbo la jiwe yanarudi nyuma yanapotelea udongoni. Saruji itumie hapo, kuziba mianya chini ya hilo bapa ili maji yapite juu.

binti muheza:
Naongezea kwenye mawe. Ya Pongwe ni ya chokaa, dondoshea siki utaona povu. Kujengea kingo sawa kabisa, ila yakikaa ndani maji yanakuwa magumu, yaani yanajaa chokaa, na pampu inashika ukoko mweupe. Kwa ndani bora yale magumu ya huku milimani, ila nunua kwa wanaouza kihalali jamani msiende kung'oa Mto Zigi, sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni na sisi mjini maji ya bomba yanatoka mto huo huo. Matumbawe ya baharini ndio kabisaaa usiguse.

Mzee wa Chumbageni:
Mama mkwe msikilize kijana. Mbu wa dengue anapenda maji masafi yaliyotulia, na kwa joto letu kiluwiluwi anakuwa mbu ndani ya wiki moja au mbili. Maji yakizunguka mbu hapati nafasi ila vikona vya nyuma ya mawe vinabaki vimetulia, weka gapi wale visamaki vidogo wanawamaliza. Kama umetumia saruji jaza maji umwage mara kadhaa kwanza ndo uweke samaki. Bwawa lako ni lita 1,500, tafuta pampu inayosukuma kiasi hicho kwa saa ikiwa kwenye kimo cha maporomoko yako, namba ya kwenye boksi ni ya maji yasiyopandishwa juu. Na sogea mbali na huo mwarobaini, majani yakioza chini maji yanakuwa meusi.

Wa_Raskazone:
Shukrani sana wazee wangu. Sasa maji yakipungua nitajuaje ni jua au yanavuja?

Fundi Mawe:
Jioni zima pampu, weka alama ya chaki kwenye jiwe, asubuhi angalia. Yakishuka sana nailoni imetoboka. Yakibaki palepale lakini pampu ikiwaka yanashuka, shida iko kwenye maporomoko, kagua lile bapa kwanza.

Wa_Raskazone:
Poa mkuu, kesho naenda kuulizia nailoni mjini.