Kijana mwenye usonji anaanza kazi ya kitalu cha miche Tanga: tumwandae vipi?

Mama Chumbageni

Assalaam alaykum wapendwa. Kijana wetu ana miaka 19, ana usonji (autism). Anaongea kidogo, anasoma maneno mafupi, anahesabu mpaka 20 bila kukosea. Kitalu kimoja cha miche upande wa Pongwe kimekubali kumpokea kwa majaribio ya wiki mbili, kazi ya kujaza udongo kwenye viriba (vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche). Zimebaki wiki tatu. Tuanze na lipi? Mambo mawili yanatutia hofu: mashine ikiunguruma huziba masikio na kuinama, na akiwa mahali pageni huuliza "tunaondoka saa ngapi?" bila kuchoka. Naomba mnielekeze kwa undani.

Mkufunzi Makorora

Wa alaykum salaam mama. Kabla ya kumfundisha, atakayemsindikiza aende kitaluni asubuhi moja na daftari, ajaze viriba kwa mikono yake na kuandika kila tendo. Kujaza kiriba kimoja ni matendo tisa: kuchomoa kiriba kwenye bunda, kufungua mdomo, kukishika kwa mkono wa kushoto, kutia kopo la kwanza la udongo, kubonyeza pembe za chini kwa vidole viwili, kutia kopo la pili, kukigongesha chini mara tatu, kujazia mpaka alama, kukisimamisha kwenye mstari. Kwenye kufungua mdomo wengi hukwama kwa sababu plastiki nyepesi hunatana, kwa hiyo azoee kuisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Pembe za chini zisiposhindiliwa, kiriba hujikunja katikati na kulala, na maji hayashuki sawasawa. Msimamizi ataona uvivu, kumbe ni hatua moja tu haikufundishwa.

Mfundishe kuanzia mwisho. Wewe fanya hatua nane, yeye umwachie ya tisa. Akiishika, mwachie mbili za mwisho, kisha tatu, mkirudi nyuma hivyo hivyo. Kila mara anayekamilisha ni yeye. Nunueni bunda la viriba mfanye nyumbani, dakika 20 asubuhi na 20 jioni, na udongo uwe mchanganyiko uleule wa kitaluni. Wapo wasiovumilia samadi mbichi mkononi. Bora mjue sasa mtafute glavu.

"Jaza mpaka ujae" haimsaidii. Chukua kiriba cha mfano, piga mstari wa wino sentimita 2 chini ya mdomo (ndiyo nafasi ya maji), kikae mbele yake. Na kwa kuwa anahesabu mpaka 20, weka viriba vitupu 20 kushoto na kreti kulia. Kushoto kukiisha, kazi imeisha, na kadi iliyoko chini ya kile cha mwisho imwoneshe kinachofuata. Meza yenyewe imjibu mambo manne: nafanya nini, kiasi gani, nitajuaje nimemaliza, halafu nini. Mpangilio huu walioujenga Eric Schopler na wenzake katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, hauhitaji ofisi. Turubai na ndoo mbili zinatosha.

Akikwama, hesabu moyoni mpaka 10. Bado? Nyooshea kidole kiriba cha mfano. Kusema iwe njia ya mwisho, maana sauti ndiyo msaada mgumu kuliko yote kuuondoa: atajaza, atasimama, atasubiri umwambie "endelea".

Bi Raskazone

Mwalimu amemaliza upande wa mikono. Mimi nasema yanayoizunguka kazi, kwa sababu vijana wengi huachishwa kwa hayo: safari, choo, saa ya chai, mvua.

Safari ifanyiwe mazoezi saa ileile ya kazi. Daladala ya saa nne asubuhi ina nafasi, ya saa kumi na mbili na nusu imejaa, konda anagonga bati, abiria wamebanana. Mkifanyia mazoezi ile ya saa nne hamjamwandaa. Vifaa vya kuziba masikio vya mafundi vinapatikana maduka ya vifaa vya ujenzi. Avae karibu na mashine, asivae akivuka barabara.

Mapumziko yasiyo na mpango humchosha kuliko viriba. Awe na mahali pake pa kukaa, kikombe chake, na kipima muda cha dakika 15. Maji asingoje kiu, wengine hawaihisi mapema: nusu lita kila mapumziko, chupa iwe na alama.

Kuhusu kuuliza kuondoka, usimjibu kwa maneno kila mara. Kata kadi sita za kazi za siku: viriba, chai, viriba, kumwagilia, kunawa, daladala. Kila iliyokwisha aitoe na kuitia kwenye kopo. Akiuliza, mwoneshe zilizobaki. Weka na kadi ya saba, "mabadiliko", uifanyie mazoezi nyumbani kwa mambo madogo, ili siku ya mvua kubwa isiwe mara yake ya kwanza kuiona.

Wenzake wa kazi wasihutubiwe juu ya usonji. Waambiwe matatu: mwite jina kwanza, sema sentensi moja, ngoja. Na mafumbo yetu ya pwani wayaweke kando. Jumamosi ukimuaga "haya, kesho basi", Jumapili utamkuta getini.

Mama Chumbageni

Mungu awalipe. Na malipo? Wanasema viriba hulipwa kwa idadi.

Afisa Ngamiani

Dada, hapo simama imara. Malipo kwa idadi yanamwumiza anayeanza, kwa kuwa wiki za mwanzo anajenga usahihi, kasi huja baadaye. Ombeni posho ya siku kwa wiki hizo mbili, saa 3 kwa siku, iandikwe na isainiwe. Andikeni na tarehe ya kukaa tena kuamua, majaribio yasigeuke kazi ya bure ya miezi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau 3% wenye ulemavu. Kitalu kidogo hakiguswi na kiwango hicho, ila Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa ulemavu kazini. Namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) ishughulikieni leo, bila hiyo hapati laini ya simu kwa jina lake, na pesa zake zitaingia kwa mtu mwingine.

Mkufunzi Makorora

Nilisahau: ulizeni kitalu kinatumia viriba vya kipimo gani kabla ya kununua bunda. Akizoea vya inchi 4 kwa 6 halafu siku ya kwanza akute vikubwa, makopo mawili hayatafika kwenye alama, na atasimama hapo hapo.