Mjadala: Vichaka vya mkomwe pwani, vifyekwe au viachwe?

Mleta mada, Kusini Unguja

Assalamu alaykum. Shehia yetu ina kikao cha usafi wa pwani, na pendekezo lililopo mezani ni kufyeka kichaka chote kilicho baina ya pale yanapofika maji ya bamvua na njia ya gari. Ibaki minazi na mivinje tu. Kichaka chenyewe sehemu kubwa ni mkomwe, mmea wa jamii ya kunde ambao kila mtu hapa anaujua kwa miiba yake na kwa komwe zinazochezewa bao barazani.

Wanaotaka kufyeka safari hii wamekuja na hoja ya kitaalamu. Wanasema mkomwe (Guilandina bonduc, zamani ukiitwa Caesalpinia bonduc) haumo hatarini. Ni kweli. Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopima ni viumbe gani viko hatarini kutoweka, umewekwa daraja la wasiwasi mdogo kabisa, kwa sababu umeenea katika pwani za nchi za joto karibu dunia nzima: Afrika, India, visiwa vya Pasifiki, mpaka Karibi. Mbegu yake ina ganda gumu na uwazi ndani, basi inaelea na bahari inaibeba itakako.

Ninachokataa ni orodha ile kugeuzwa kibali cha panga. Daraja hilo ni la mmea kwa dunia nzima. Halisemi kitu kuhusu Unguja, sembuse shehia moja. Tazameni Benin. Kule watu waliichimba mno mizizi yake kwa dawa, na maeneo unakoota yakafyekwa, mpaka wataalamu wa nchi hiyo wakasema umetoweka porini. Uliosalia ni wa kupandwa majumbani. Na wao pia wanachezea mbegu zake kwenye mchezo wao wa bao. Mmea ni huu huu, na duniani bado unahesabiwa hauna shida.

Sitaki sheria mpya ya kuulinda mkomwe, tutachekwa. Nataka mchanga ukae mahali pake. Mkomwe unatambaa, unajisuka na majani mengine, na mchanga unaopeperushwa na upepo unanasa humo. Mvinje peke yake kazi hiyo hauiwezi. Mmeiona wenyewe mivinje iliyolala ufukweni mizizi juu. Kwa hiyo nasema ukanda uachwe, zikatwe njia za kushukia pwani penye haja.

Mchonga bao, Mjini

Ami, mie nazihitaji komwe kuliko wewe. Bao moja linataka kete 64, na wachezaji wetu mafundi wa kuzipoteza kuliko kuzila. Lakini tusitiane hofu. Kichaka kimoja kikizaa vyema kinanitosha, na nyingine naziokota ufukweni zimeletwa na maji. Bahari haijapata kuishiwa komwe. Fyekeni, zitakuja nyengine.

Mleta mada

Shekhe, kuletwa na maji na kuota ni mambo mawili. Mwaka 1696 daktari mmoja wa London, Hans Sloane, aliandika habari za mbegu ngeni zinazotupwa na bahari katika visiwa vya Orkney, kaskazini ya Uskochi. Komwe za kijivu zilikuwamo. Zimefika mpaka huko, na kichaka cha mkomwe hakuna, kwani baridi hairuhusu. Kwetu joto lipo, lakini ufukwe unaopigwa reki kila asubuhi mbele ya hoteli, komwe itatulia wapi? Ganda lile mpaka likwaruzike ndipo maji yaingie, na hilo linachukua muda. Reki haisubiri.

Mchangiaji, Mkunazini

Na dawa je? Bibi yangu alikuwa akizisaga kwa homa.

Mleta mada

Mungu amrehemu. Homa siku hizi tupime malaria kwanza, mengine baadaye.

Mwalimu wa skuli, Micheweni

Huku Pemba shida yetu kubwa si hoteli, ni kuni na tanuri za chokaa. Mkomwe hauna kuni ya maana, ila unakwenda pamoja na vilivyo jirani yake. Mleta mada, usiishie kwenye kikao cha usafi. Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996 inairuhusu jamii kuingia mkataba wa kusimamia msitu wake. Ulizeni kama ukanda huo unaweza kuingizwa humo. Mwekezaji akija na ramani yake, nanyi muwe na karatasi yenu.

Mkulima wa mwani, pwani ya mashariki

Nyote mliosema hapa hakuna aliyepita humo na gunia la mwani mbichi kichwani. Miiba ya mkomwe imepinda kwa nyuma. Ikishika kanga, ukivuta ndiyo inazidi kuzama, na mikono yote miwili iko juu imeshika gunia. Mwanangu amechanika mguu humo humo. Mie ni katika wale waliosema kifyekwe, na sikusema kwa ajili ya mtalii.

Mnasema njia. Njia tulikatiwa. Wanaume wa kamati walikuja na mapanga, wakapigwa picha, wakaondoka. Ilipopita masika mkomwe ulikuwa umeshaifunga. Nani atarudi kuikata?

Mleta mada

Bibie, hii ndiyo hoja nisiyokuwa na jibu lake tayari, na ina uzito kuliko habari za orodha. Nasema hivi: kila njia iwe na mtu wa kuisafisha baada ya masika na baada ya vuli, alipwe na mfuko wa shehia. Na hoteli zilizokwisha kufyeka mbele yao zichangie, maana wageni wao wanapita humo humo.

Mkulima wa mwani, pwani ya mashariki

Upana je? Tunakwenda wawili wawili, wengine wanashuka na wengine wanapanda. Njia ya mtu mmoja siitaki. Na malipo hayo yasomwe kikaoni kabla hatujanyoosha mikono, mkiyaacha kwa baadaye mie nitapiga kura ya panga.